Wachimbuzi Chini ya Ngozi

"Hao wadudu wako wa chuma wakishamaliza funza wetu, watakula nini?"

Ndivyo Kahaso, jirani wa ukuta kwa ukuta, alivyomuuliza Mbeyu siku dawa ilipopakwa kwa mara ya kwanza katika mji wa Mwangatini. Watu walicheka. Mbeyu naye alicheka, kwa kuwa ndiye fundi wa dawa hiyo na jibu alikuwa nalo.

Hawakuwa wadudu. Waliitwa wachimbuzi, vijimashine vidogo kuliko chembe ya unga, maelfu kwa maelfu katika kijiko kimoja cha mafuta. Ukipakwa, wanapenya ngozini, wanamfuata funza alikojificha, wanamkatakata yeye na mayai yake, kisha wanatoka na jasho. Mzee aliyeletwa amebebwa mgongoni, vidole vimeoza, siku ya tatu alirudi kwake kwa miguu yake mwenyewe. Waliokuwa wakichokoana funza kwa pini na miiba wakavitupa. Wachimbuzi walifundishwa sheria moja tu: kilicho chini ya ngozi na si mwili wa mtu, kitolewe, wala wasipumzike mpaka kiishe.

Ndiyo maana kulikuwa na Mwulizi, mashine yenye kimo cha mtungi, iliyomhoji kila mtu kabla ya kupakwa. Una chuma mwilini? Una risasi? Umewahi kutiwa dawa chini ya ngozi? Ukijibu ndiyo, wachimbuzi wako wanaonyeshwa mahali pa kuepuka. Mbeyu aliiweka kanisani, maana ndiko kulikokuwa na kivuli na mabenchi. Majibu yalitolewa kwa sauti, mchungaji na katibu wakiwa mashahidi, na hayangeweza kubadilishwa ila kwa kinywa cha mwenyewe mbele ya mashahidi walewale. Sheria hiyo aliidai Mbeyu, kwa sababu zamani wakubwa waliwahi kuwaandikia maskini majibu waliyoyataka wao.

Siku ile walipita watu mia tatu na arobaini. Hakuna hata mmoja aliyesema ana chale, zile za kuchanjwa na mganga na kutiwa masizi. Mbeyu angepaswa kushtuka palepale, kwani ni mji gani wa kwetu usio na mtu aliyechanjwa? Lakini foleni ilikwenda upesi, akashukuru.

Wiki ya pili mamavyaa wake, Mama Jumwa, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alianza kujifunga leso hadi shingoni kwenye jua la saa saba. Chakula hakukigusa. Akiulizwa, alisema ni mafua. Siku moja Mbeyu alimfumania bafuni. Kifuani, chini ya mtulinga, mistari saba myembamba ilikuwa imefunguka, na ndani yake nyama ilikuwa inatembea.

Mama Jumwa alichanjwa akiwa mchanga, baada ya ndugu zake wawili kufa mfululizo. Masizi ya mganga yalikuwa yamezama miaka sitini na mitano, yakawa kitu kimoja na nyama. Wachimbuzi waliyafuata chembe kwa chembe. Chini ya masizi kuna mbavu, na nyuma ya mbavu kuna moyo.

Mbeyu alikimbilia maabara, akajaribu kuwazima. Mashine ya kuwaamuru ikakataa: mwenyewe amesema hana dawa mwilini, basi kinachochimbwa ni ugonjwa. Kwa kisu hawatoki; ukikata, wanazama zaidi. Daktari mkuu alipima, akasema mama ana siku mbili, pengine moja.

Ikabidi Mbeyu na mama warudi kanisani, jibu likabadilishwe mbele ya mashahidi. Mchungaji Tsofa alikuwepo, na katibu wake. Akina mama wa zamu ya usafi waliegemea mifagio yao, wakitazama.

"Mama, ni neno moja tu," Mbeyu alisema. "Sema ndiyo, watasimama hapo hapo."

"Mwanangu, si unajua mimi hushuhudia nini humu?"

Alijua. Miaka arobaini Mama Jumwa alisimama mbele ya watu akisema kwamba mganga hajawahi kuugusa mwili wake. Kwa ushuhuda huo wanawake walichoma hirizi zao uani, na mmoja aliyempeleka mtoto kuchanjwa alifukuzwa chamani. Mama Jumwa ndiye aliyelisoma jina la huyo aliyefukuzwa.

Mchungaji, aliyekwisha kuelezwa yote na Mbeyu, alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Ulikuwa mtoto wa siku arobaini, Mama. Mungu hamhesabii mtoto kosa hilo."

"Kuchanjwa hakunitishi, Mchungaji. Kinachonitisha ni kwamba nilisema sikuchanjwa."

Mwanamke mmoja kati ya wale wa mifagio alianza kunong'ona kwamba hata yeye anazo chale, mgongoni. Mwenzake akamkanyaga mguu, akanyamaza. Mbeyu aliona mkono wa yule mwanamke ukienda nyuma, ukijikuna taratibu. Aliona na mwingine akijikuna.

Mwulizi iliwasha taa yake ya kijani, ikasema kwa upole kwamba inasubiri jibu.

Mama Jumwa alisogea mbele. Alifungua kinywa. Kisha mama akageuka, akawatazama wale wanawake mmoja baada ya mwingine, na wao wakainamisha macho. Leso ilikuwa imeanza kulowa kifuani, doa jeusi likitanuka. Aliivuta mpaka kidevuni, akachukua Biblia yake juu ya benchi, akapita katikati ya mifagio, akatoka, Mwulizi ikiwa bado inasubiri jibu.