Kabati Lililorefushwa

Kila Ijumaa jioni, baada ya kufagia mabweni, wanafunzi wa klabu ya kompyuta walikimbilia chumba chao kidogo nyuma ya maktaba. Chapuchapu alikuwa wa kwanza kufika siku zote. Jina hilo alipewa kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo juu ya kibodi havikujua kupumzika. Yeye ndiye aliyeandika programu ya chumba cha kufulia. Kwenye skrini lilionekana jedwali lenye umbo la kabati la nguo, rafu kwa rafu, vijumba sita kila rafu, na ndani ya kila kijumba jina la mwenye nacho. Mama Dobi alilitazama akajua nguo safi za nani ziende wapi.

Mambo yaliharibika alipohamia Mpole. Msichana huyu alizungumza kwa sauti ya chini na kuuliza maswali mazuri, na mwalimu wa kompyuta akaanza kumsifu mbele za watu. Chapuchapu alitabasamu kwa meno tu. Rohoni alikuwa na kijicho cha kuchoma. Huyu aliyekuja jana ndiye asifiwe, na mwenye programu akae akitazama?

Siku moja fundi seremala alirefusha kabati lenyewe la chumba cha kufulia, kila rafu ikawa na vijumba vinane.

"Mpole, panua jedwali," mwalimu akasema. "Ukifaulu, utatuwakilisha kwenye mashindano."

Mashindano hayo Chapuchapu alikuwa akiyaota tangu mwaka uliopita!

Mpole alipomaliza, alimwita. "Dada, hebu nitazamie. Pale palipokuwa na sita nimeandika nane. Sijakosea?"

Chapuchapu akainama. Kosa aliliona papo hapo, maana aliwahi kulifanya mwenyewe. Programu ile iliweka majina yote katika foleni moja ndefu, kisha ikaikata kila baada ya majina sita ili kupata rafu. Ukiiambia ikate baada ya manane, majina mawili ya rafu ya pili yanapanda rafu ya kwanza, na yote ya nyuma yao yanasogea. Mpole, mgeni wa watu, hakujua nani alikuwa na kijumba kipi.

"Iko sawa kabisa," Chapuchapu akasema. "Tena safi!"

Jumatatu asubuhi ilikuwa patashika. Golikipa wa shule, pande la mtu, alitoa kijumbani mwake kaptula isiyoweza kumpita magotini. Watu wakaangua kicheko. Chapuchapu alicheka kuliko wote, mpaka alipomsikia matroni akifoka.

"Mama Dobi, kazi imekushinda! Itabidi tutafute mwingine."

"Lakini matroni, mimi nimefuata skrini," Mama Dobi alijitetea.

Mpole akajitokeza huku machozi yakimlengalenga. "Kosa ni langu, matroni. Msimfukuze Mama."

Mwalimu akashusha pumzi. "Basi, Chapuchapu, jiandae. Mashindano utakwenda wewe."

Hayo ndiyo maneno aliyoyangoja, lakini hayakumfurahisha hata kidogo. Mpole alikuwa ameshainama kumsaidia Mama Dobi kukunja upya mashati, wala hakumtaja mtu aliyemwambia iko sawa. Aibu ikamshika Chapuchapu.

"Mwalimu," akasema, "aliniuliza. Niliona kosa nikamdanganya. Nilimwonea wivu."

Matroni akamwomba Mama Dobi radhi. Mwalimu hakufoka. Aliwapeleka wasichana hao wawili kompyutani akawaambia warekebishe.

"Jedwali la zamani usilivute," Chapuchapu akamweleza Mpole. "Tengeneza jipya, tupu, la vijumba vinane. Halafu nakili jina moja moja. Aliyekuwa rafu ya pili kijumba cha kwanza, mrudishe hapo hapo. Ukimaliza, la zamani lifute."

"Na hivi viwili vya mwisho kila rafu?"

"Viache wazi. Ni vya wageni kama wewe."

Walipomaliza, kila jina lilikuwa mahali pake. Mwalimu akavuta kiti.

"Mashindano atakwenda Mpole," akasema, na Chapuchapu akainamisha kichwa. "Wewe tazama hapo. Vijumba vimeongezwa, kuna aliyepoteza chake?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Na nani alikwambia mwenzako akiingia klabuni, wewe unatolewa?"

"Hakuna."

"Wivu ndio uliokwambia, ukauamini. Mama Dobi nusura akose kazi kwa ajili hiyo. Mwenzako akikuuliza, mwambie ukweli, hata kama ukweli huo utampa yeye ushindi."

Chapuchapu alikwenda moja kwa moja chumba cha kufulia. "Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu," Mama Dobi akasema, akamsukumia kikapu kilichojaa pomoni. "Sasa kunja."