Nyota Zilizokaa Kulia

Simu ya binti ilikuwa imezimwa miezi minane. Jioni hiyo, vyombo vya chakula vikiwa bado mezani, ikaleta picha: dirisha lenye nondo, na nje ya dirisha nyota. Chini yake kulikuwa na maneno: "Mama, niko wapi? Nitafute."

Mama alikuwa mpima ardhi mstaafu. Binti yake alitoweka chumbani mwake, mlango ukiwa umekomewa kwa ndani, na tangu siku ile mama hali akashiba, halali akatosheka. Sasa akavaa miwani, akachukua rula na kipimapembe. Mumewe akamtania kwamba yeye hata kijiko kikipotea atakichorea ramani.

Msalaba wa Kusini, lile kundi la nyota nne, aliutambua mara moja. Kimo chake angani kilikuwa kilekile cha hapa kwao. Lakini zile nyota mbili zinazouonyesha zilikuwa kulia. Msalaba ukisimama wima, nyota hizo hukaa kushoto, uwe nchi yoyote. Akapima mara tatu. Hakuna mahali duniani penye anga ile.

Ndipo akaigeuza picha, kushoto kuwa kulia, na kila nyota ikarudi mahali pake. Akaiona na nondo ya tatu iliyopinda. Dirisha lilikuwa la chumba cha binti. Na anga hugeuka namna ile mahali pamoja tu: ndani ya kioo. Kioo cha kabati kilitazamana na dirisha hilo.

"Usimjibu," mumewe akanong'ona. "Mwanetu anazijua nyota hizi tangu ana miaka saba, ulimfundisha mwenyewe. Leo aulize yuko wapi?"

"Ukiwa peke yako gizani, mume wangu, hata jina lako utaliuliza."

Akaandika kama mpima, bila kuacha kitu: uko nyumbani, mwanangu, chumbani kwako, ndani ya kioo cha kabati, mlango uko wazi, njoo.

Ujumbe ulipoondoka tu, harufu ya utambi uliozimwa ikajaa nyumba nzima, na kutoka chumbani kukasikika kitu kizito kikishuka sakafuni taratibu, kama mtu anayejaribu miguu isiyo yake, na mama akakimbilia huko huku mumewe akimvuta nguo, akausukuma mlango, akawasha taa, akamwona binti yake mle kiooni, amekonda, macho yamemtoka, akikipiga kioo kwa viganja vyote viwili bila sauti yoyote, akitikisa kichwa, akitikisa kichwa.

Mikononi hakuwa na simu.

Simu ilikuwa inawaka nyuma ya mlango, na aliyeishika akasema kwa sauti ya binti, kwa upole:

"Asante, Mama. Nilikuwa nimepotea kweli."