Kinundu Chini ya Kidole

Jua lilikuwa linazama fundi wa kibodi alipopanda ngazi kwenda kwa mwanamke aliyetangaza kuuza swichi zilizotumika, vile vidude vinavyokaa chini ya kila herufi ya kibodi. Miguu ilimuuma, lakini angerudije mikono mitupu? Ugonjwa ulishamnyang'anya mdogo wake wa kike macho na sauti. Msichana alizungumza kwa kuandika, kompyuta ikimsomea maneno. Sasa vidole navyo vilikuwa vinakufa ganzi. Siku ambayo asingehisi herufi ikiingia, ndiyo siku ambayo angenyamaza kabisa.

Kwa hiyo fundi alikuwa analinganisha swichi zenye kinundu, zile ambazo ukibonyeza, kidole hukutana na kikwazo kidogo katikati. Nyingine kinundu chake kilikuwa laini mno, nyingine zilikuwa kelele tupu kama mgombea anayeomba kura. Zote mdogo wake alizitikisia kichwa.

Mlango ulifunguliwa nusu. Ndani kulinuka maua yaliyooza kwenye maji.

"Zilikuwa za binti yangu," mwanamke alinong'ona. "Ameshafariki."

"Pole sana, mama."

"Jaribu."

Fundi akafumba macho kama alivyozoea, akabonyeza moja. Kinundu kizuri ajabu... Kama kidole cha mtu kikisukuma kutoka chini.

"Zichukue tu. Ila niambie unapokaa."

Akamwambia. Furaha ilimzuia kuuliza kwa nini.

Nyumbani alizipachika zote bila hata kuvua viatu. Mdogo wake akaweka vidole.

"Kaka, nahisi," kompyuta ikasoma. "Nahisi kila herufi!"

Fundi akalia bila haya.

Tk... tk... tk...

"Kaka, kuna mtu ananishika vidole."

"Inua mikono!"

Haikuinuka. Akaivuta, ilikuwa baridi, mizito kama imeshonewa mezani.

"Kaka, ananivu"

Kompyuta ikakatikia hapo.

Chumba kikajaa harufu ya maua.

Fundi akazing'oa swichi kwa pupa, akazitupa kwenye droo ya majaribio. Zikachanganyika na mamia ya nyingine, zote nyeusi, zote sawa. Alipogundua kwamba hawezi tena kuzitofautisha, alikuwa amechelewa.

Nyuma yake mdogo wake aliketi wima. Akafungua kinywa, kile kinywa kilichokuwa bubu.

"Mama amefika?"

Haikuwa sauti ya mdogo wake.

Mlango ukagongwa. Msichana akainuka bila fimbo, akazunguka kiti, akakwepa sanduku la vifaa, akaenda kufungua. Yule mwanamke alimshika mkono kama mtu anayemchukua mtoto shuleni.

"Mdogo wangu yuko wapi?" Fundi alipaza sauti.

"Si umemweka kwenye droo mwenyewe?"

Wakaondoka. Fundi alikimbilia kule ghorofani akakuta chumba kitupu, na jirani aliyeapa kwamba hakijawahi kupangishwa.

Tangu hapo hapokei kazi za watu. Hukaa mbele ya droo amefumba macho, akibonyeza moja baada ya nyingine, akimwita mdogo wake kwa jina la utotoni. Juzi, swichi moja ilimsukuma kidole, kidogo sana. Alipiga kelele, ikamponyoka, ikaangukia kati ya wenzake.

Anaendelea kuitafuta. Lakini asubuhi ya leo alishika kikombe cha chai ya moto, na vidole vyake havikuhisi kitu.