Nta ya Mwaka Jana

Kama kila asubuhi mjini Oulu, kaskazini kabisa kwenye theluji, Hilla alikula uji wa shayiri wenye siagi. Uji wa mama yake ulikuwa umeshapoa bila kuguswa. Mama huyo, Tuire, alikuwa ameinamia kitabu kinene, kalamu sikioni, akisoma kwa kunong'ona.

Kwa miaka mingi Tuire aliandika programu za simu za vibonye, na alikuwa fundi haswa. Kisha simu hizo zikapotea madukani, kiwanda kikafungwa. Akarudi chuoni kujifunza programu za mashine za hospitali, pamoja na vijana wasiofika hata nusu ya umri wake. Kesho ilikuwa siku ya mtihani. Akifeli, angepoteza kazi aliyoahidiwa.

"Mama, kesho usiende," Hilla alisema ghafla.

"Kwa nini?"

"Kaka yake Roope, yule ninayesoma naye, yuko darasani kwako. Anasema unauliza maswali mpaka mwalimu anachoka. Wanakuita Bibi Vibonye! Shule nzima inajua, nami naona aibu."

Jina hilo lilimchoma Tuire, lakini hakuyumba. "Waniite wanavyotaka. Bibi Vibonye ataenda, na asipoelewa atauliza. Nikifeli nitarudi tena. Kwani nimekufa?"

"Lakini kazi yako ulishaijua! Ya nini kuanza upya kama mtoto?"

Tuire alifunga kitabu. "Haya, wewe leo una mashindano ya kuteleza kwenye theluji. Umeangalia kipimajoto pale dirishani?"

"Sina haja. Nta ya buluu ndiyo iliyonipa ushindi mwaka jana."

"Mwaka jana baridi ilikuwa kali, mwanangu."

"Mama, hii kazi naijua!" Hilla akabeba mbao zake za kutelezea kwenye theluji, akaubamiza mlango. Ukaidi aliurithi, na hakuwa na haja ya kuuliza kutoka kwa nani.

Usiku wa kuamkia siku hiyo baridi ilikuwa imelegea, theluji ikawa laini na yenye maji. Mashindano yalipoanza, kwenye tambarare Hilla alikwenda vizuri. Walipofika mlimani, mambo yakaharibika. Nta hupakwa chini ya mbao ili zishike theluji, lakini ile ya buluu, ya baridi kali, haikushika chochote. Kila alipopiga hatua kwenda juu, aliteleza kurudi chini. Wenzake walimpita mmoja mmoja, hata wale aliozoea kuwashinda kwa mbali. Machozi yalimlengalenga kwa hasira.

Roope naye akafika, akasimama kupumua. "Vipi, bingwa? Unashuka au unapanda?"

Hilla alitaka kumrushia bonge la theluji. Lakini mlima ulikuwa bado mbele yake, na kurudi nyumbani hakutaka kabisa. Akamgeukia. "Roope, umepaka nta gani?"

"Nyekundu. Leo nani anapaka buluu?" Akacheka, lakini akaitoa mfukoni, akampa. "Paka juu ya hiyo hiyo."

Hilla akapaka huku wengine wakitazama. Mbao zikashika. Alipanda, akashuka, akamaliza miongoni mwa wa mwisho, lakini alimaliza.

"Asante," alimwambia Roope. "Na kaka yako mwambie hivi: kesho Bibi Vibonye anakuja, na atauliza mpaka mchoke nyote!"

Kesho yake jioni, Tuire aliingia na theluji mabegani. Hilla alimkimbilia mlangoni.

"Vipi?"

"Nimefaulu! Na unajua nini? Kaka yake Roope ameniomba nimweleze swali la tatu."

Hilla alimrukia shingoni. "Kwa hiyo sasa umemaliza kusoma?"

Tuire aliangua kicheko. "Nimalize wapi? Jumatatu naanza kazi, na wameniambia kuna mashine mpya ambayo sijawahi hata kuiona."

Hilla akainamisha kichwa. "Mama, nisamehe. Mlimani na mimi niliuliza. Nilimuuliza Roope, mbele ya watu."

Tuire akamketisha karibu naye. "Kuuliza si ujinga, mwanangu. Nta yako haikuwa mbaya, ila theluji ilibadilika nawe ukakataa kuitazama. Kazi yangu nayo ni hivyo hivyo. Nilichokijua jana hakijapotea, napaka kipya juu yake. Anayesema ameshajua yote, huyo ndiye anayeteleza kurudi chini."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kugusa uji, Hilla alikwenda dirishani kuangalia kipimajoto.