Mvua ya Juu, Uchafu wa Chini

Kila masika ua wa Bi Mwanatatu wa Changamwe hujaa maji. Yakikaribia mlango, huchukua mtaimbo akabandua mfuniko wa shimo la maji taka. Maji yote huzama humo, pamoja na mchanga, majani na makopo. Majirani zake wanne hufanya vivyo hivyo, na kila mmoja hujiona mjanja.

Mpangaji wake, Rispa, ni fundi katika mtambo wa kusafisha maji taka. Siku moja ya masika hakuwa kazini. Alimkuta Bi Mwanatatu akiinua mfuniko huku mvua ikimwagika.

"Shikamoo, Bi Mwanatatu. Shimo hilo si la mvua. Ni la vyoo na mabafu."

"Marahaba. Maji ni maji, mwanangu. Wataka yaniingilie ndani?"

Rispa aliacha ubishi. Si rahisi kubishana na mwenye nyumba.

Haikupita nusu saa, simu ya Bi Mwanatatu ikalia. Alikuwa Swabra, binti yake. Swabra anaishi chini ya mteremko, mtaa huohuo. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji siku tisa tu zilizopita, na alikuwa ndani akitimiza arubaini yake. Mumewe alikuwa kazini Miritini.

"Mama, tundu la bafuni latoa uchafu," alisema. "Waingia chumbani. Mimi siwezi kuinua kitu."

Bi Mwanatatu alitoka bila viatu. Rispa alimfuata mbio. Walikuta maji meusi yamefika miguu ya kitanda. Harufu ilikaba koo. Swabra alikuwa juu ya kitanda, amemkumbatia mwanawe, Israa. Bi Mwanatatu alimchukua mtoto, Rispa akamshika mama, wakawatoa hadi baraza ya jirani. Nyuma yao uchafu ulizidi kupanda.

Bi Mwanatatu aliwaka. Aliwalaumu watu wa mtambo, akasema pampu zao zimekufa.

"Pampu zinafanya kazi," Rispa alisema. "Zimezidiwa. Bomba hili linatoka kwako. Mvua ya nyua zenu imelijaza. Maji yakikosa njia, yanatokea kwenye nyumba ya chini kabisa."

Swabra alimtazama mamake. "Kwani ni wewe, Mama?"

"Ni mimi," Bi Mwanatatu alijibu. Aibu ilimshika hata akashindwa kumwangalia mtoto.

Alipanda mteremko akaufunga mfuniko wake. Maji ya mvua yaliingia sebuleni, yakalowesha magodoro. Hakujali. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Watatu walifunga mara moja. Changawa, muuza unga, alikataa. Stoo yake ilikuwa karibu kufurika.

"Mjukuu wangu ana siku tisa," Bi Mwanatatu alimwambia. "Kinyesi chetu kimeingia chumbani mwake. Funga, mwanangu, nakuomba."

Changawa aliangalia unga wake, kisha akafunga. Rispa alimwonyesha mahali pa kuchimba mfereji, kando ya ukuta, hadi kwenye mtaro wa barabarani. Walichimba wote, wamelowa chapachapa. Ulipita muda mrefu wa wasiwasi. Kisha Swabra akapiga simu kutoka barazani: jirani ameona tundu la bafuni limeanza kumeza maji.

Chumba kilisafishwa kwa dawa, na Swabra alihamia kwa mamake kwa muda. Siku kadhaa Bi Mwanatatu alikuwa akimgusa mtoto paji la uso kila mara, akihofia homa. Alhamdulillahi, haikuja.

Jioni moja Rispa aliwaeleza majirani yanayotokea mtamboni. Kule, alisema, kuna matangi yenye vijidudu vinavyokula uchafu. Vinahitaji hewa na muda. Mvua ikiingia kwa wingi huvisomba vijidudu hivyo, na maji machafu hutoka kabla hayajasafishwa. Huchukua wiki kadhaa vingine kuzaana vya kutosha. Mchanga nao hula pampu, na mtambo uliojengwa udumu miaka mingi huchakaa mapema.

"Mtambo unatunzwa tangu huku kwenu," alisema. "Sisi kule tunapokea tu mnachotuletea."

Majirani walijenga mtaro wa mawe wa kupitisha maji ya mvua. Mafundi wa maji taka walikuja kukaza mifuniko. Mitaa ya jirani ilipoona, nayo ikaanza kuchimba.

Masika mengine yalipofika, Musyoka, mpangaji mgeni mtaani, alionekana na mtaimbo akihangaika na mfuniko. Bi Mwanatatu hakugombana naye. Alimwomba amsindikize, wakashuka mteremko katika mvua hadi kwa Swabra. Sakafu ilikuwa kavu. Israa alikuwa akitambaa, na kiganja kimoja amekitia mdomoni.

"Ungefungua," Bi Mwanatatu alisema, "maji yangetokea hapa anapotambaa."

Musyoka alimwangalia mtoto. Kisha akauliza ni nani angemwazima jembe achimbe njia ya maji hadi mtaroni.