Waya Mmoja Ulibaki

Kila alipotoka shule, Afriyie alibadili sare, akala kenke, donge la unga wa mahindi, iliyobaki, kisha akaingia karakanani kufagia vumbi la mbao. Tangu baba yake azikwe, alifanya kila kitu vilevile, bila furaha wala machozi.

Baba alikuwa ameunda mashine ya kuchonga nakshi kwenye viti, kwa vyuma chakavu na mota kuukuu, ikiongozwa na kompyuta. Baada ya msiba, waliihamishia chumba cha nyuma. Afriyie ndiye aliyefungua nyaya na kuzirudisha, kwa sababu ndiye aliyezoea kumsaidia baba. Tangu hapo mashine iliwaka vizuri, lakini mota ya kuchongea ikishika kasi tu, kila kitu kilisimama. Mbao nzuri ziliharibika.

"Acha niiuze," mama yake, Dufie, alisema. "Aliyeijua ameshaondoka."

Jumamosi alikuja Mjomba Antwi, fundi umeme wa Kumasi.

"Afriyie, nyaya zote ulizirudisha?"

"Ndiyo, Mjomba."

Mjomba akahangaika na swichi mpaka shati likalowa. Mchana mnunuzi wa vyuma chakavu akafika, akaigonga mashine kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Chuma kizito hiki, mama. Naanza kufungua?"

Afriyie alimtazama akitoa spana. Hakusikia uchungu. Alisikia tu sauti yake mwenyewe ikisema, "Mjomba, nilikudanganya. Kuna waya mmoja ulibaki."

Akauvuta waya mweusi aliouficha nyuma ya sanduku la umeme. "Sikujua unakwenda wapi. Na kila mtu alisema mimi najua."

Mjomba aliuangalia, uso ukambadilika. Kwanza akazima umeme ukutani.

"Huu unatoka upande wa sifuri wa kifaa cha volti ishirini na nne. Lazima ufungwe kwenye bolti ya ethi, ile inayopeleka umeme ardhini. Bila hivyo umeme wa swichi unaelea tu. Mota ikinguruma, kompyuta inadhani swichi ya kusimamisha imeguswa, inasimama. Hilo ni dogo. Umeme wa ukutani ukivujia humu, fyuzi haikatiki. Mama yako angeshika swichi hii, basi."

Afriyie alimtazama mama yake, kisha swichi.

"Chukua spana," Mjomba alisema. "Nyaya zote za ethi bolti hii moja, usitafute nyingine. Kaza. Kaza tena."

Mashine ikawashwa. Ikachonga nakshi za kiti kizima bila kusimama.

"Kumbe nimekuja kutazama sinema," mnunuzi akacheka, akaondoka.

Mjomba akamgeukia Afriyie. "Kutojua si kosa, mpwa wangu. Kosa ni kuficha usichokijua. Kwenye umeme, kuficha kunaua. Uliza, hata kama wote wanadhani unajua."

Afriyie akasema, "Mama, kuna kingine nakificha. Tangu baba afe sisikii kitu moyoni. Silii. Sijui nina nini."

Mama alikaa kwenye gogo. "Hata mimi, mwanangu. Napika, naitikia salamu, lakini ni kama simo. Nilidhani niko peke yangu."

Hakuna aliyelia. Mama akashika upande mmoja wa kile kiti, Afriyie akashika wa pili, wakakitoa nje kukipiga msasa.