Upande Mweupe wa Karatasi

Mashine haina mapafu, lakini asubuhi ile ilivuta pumzi kabla ya kusoma.

Verna Stupak aliisikia. Alikuwa kipofu wa miaka hamsini na minane, na kila Jumanne alipewa saa moja kwenye maktaba ya Cleveland, mbele ya mashine hiyo ya kusomea vipofu, kubwa kama ya kufulia nguo, yenye kioo juu na sauti ya puani kama mlevi mwenye mafua. Leo alilaza kwenye kioo karatasi aliyoletewa na mdogo wake, Leland.

"Mambo ya bima tu, dada. Saini twende, theluji inazidi," alikuwa amemwambia, akatoka kungoja ukumbini. Leland ndiye aliyemsomea barua zake zote kwa miaka ishirini.

"Mimi, Verna Stupak, ninampa Leland nyumba yangu," ilisoma mashine, "nami nipelekwe kituo cha wasiojiweza." Kisha sauti nyingine, ya chini, si ya puani: "Usisaini, mwenzangu. Mimi nilisaini, nikafia huko."

Harufu ya shuka zilizolowa mkojo ikajaa chumbani.

"Bi Verna," alinong'ona mkutubi, Bi Ocheltree, "umeigeuza karatasi. Upande ulio kwenye kioo ni mweupe."

"Basi nisomee wenye maandishi!"

Mkutubi akaichukua karatasi, akasoma. Nyumba, kituo, yale yale, neno kwa neno. Akachomoa waya wa mashine ukutani.

"Sijamaliza," ilisema mashine. Mzimu hauna haja ya umeme.

Verna aliogopa, lakini hasira ikapanda juu ya woga ikaukalia, alipokumbuka kila barua ambayo Leland aliisoma akikohoakohoa katikati, kila "hamna la maana humu, dada", kila ukurasa uliofunguliwa ukakunjwa upesi mno, hadi akamsikia mwenyewe akiingia kutoka ukumbini, anapiga mluzi.

"Umesaini?"

"Weka mkono hapo kwenye kioo."

"Wa nini?"

"Mwanamume mzima unaogopa mashine?"

Leland akacheka, akauweka.

"Barua ya Machi, mwaka wa hamsini na tisa," ilianza mashine. "Verna mpenzi, hii ni ya tatu, mbona hunijibu?"

Leland akavuta mkono. Haukubanduka.

"Dada! Waambie wazime!"

"Imezimwa," alisema Bi Ocheltree, akilia.

Verna akapapasa kiti, akakaa.

"Endelea," akaiambia mashine. "Usiruke hata neno."